Vazi la Jadi ni la Tangu Lini?



Ndugu msomaji, wakati wa likizo iliyopita tulitumwa kufanya utume katika kigango kimoja huku Kitanga, kwenye nyanda za juu kati ya Kasulu na Kibondo. Tulikuwa waseminari watatu, sote wa falsafa. Kigango kilikuwa kikijiandaa kwa jubilei yake, na kamati ya maandalizi ilikuwa imepitisha kwamba maandamano ya matoleo yaongozwe na watu waliovaa "vazi la jadi la Waha". Uamuzi huo ulipokelewa kwa makofi. Shida ilianza siku ya mazoezi.

Vijana walikuwa wamechangishana fedha, wakanunua mjini jora la kitambaa chenye madoa ya chui na kukishona kuwa mavazi ya kufunga begani. Walipendeza kweli. Kisha akafika mama mmoja wa makamo, amevaa doti yake ya kanga ambayo huivaa karibu kila Jumapili, amebeba ungo wa maharage kwa ajili ya mazoezi ya matoleo. Aliambiwa akae pembeni, kwa sababu kanga "ni vazi la watu wa pwani, si jadi yetu". Aliutua ungo taratibu, akaenda kukaa benchi la nyuma. Hakusema neno.

Bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe, aliwatazama wale vijana wa madoa ya chui, kisha akauliza: "Wajukuu zangu, leo kijiji kizima mmekuwa Bami?" Wazee wachache walicheka. Sisi wengine hatukuelewa.

Baba Paroko alipopata habari hakugomba. Alituita sisi watatu akasema: "Ninyi si ndio wanafalsafa? Nitafutieni jibu. Vazi la jadi la hapa ni lipi, na mmejuaje?" Tulidhani ni kazi ya siku mbili. Ilitula likizo nzima, na tukaendelea nayo katika maktaba ya seminari tuliporudi. Katika makala haya tunapenda kuwashirikisha tulichojifunza, maana tunaona swali hili linaulizwa katika parokia nyingi kila inapokaribia jubilei, upadrisho au siku ya utamaduni.

Babu yupi?

Tulianza na neno lenyewe, kama tunavyofundishwa darasani. "Jadi" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ni jadd, yaani babu. Kwa hiyo vazi la jadi ni vazi la babu. Lakini babu yupi? Babu zetu sisi wenye miaka ishirini na kitu walivaa shati, kaptula na koti. Baba zao walijifunga shuka la pamba begani. Ukirudi nyuma zaidi unakutana na ngozi na magome ya mti. Wote hao ni babu zetu. Anayesema "vazi la jadi" bila kutaja wakati amechagua babu mmoja na kuwanyamazisha wengine, na mara nyingi hajui kwamba amechagua.

Basi swali la Baba Paroko lilikuwa maswali mawili. La kwanza ni la historia: watu wa hapa walivaa nini, na tangu lini? La pili ni la falsafa: ni kitu gani kinachofanya vazi liwe letu? Watu wengi hulijibu la pili kwa kutumia la kwanza: vazi likiwa la zamani sana ni letu, likiwa la juzi si letu. Kabla ya kulikubali wazo hilo tulitazama nchi ambayo vazi lake la jadi linajulikana dunia nzima, yaani Uskoti.

Funzo la Waskoti

Ukitaja Uskoti watu huona mwanamume aliyevaa kilti, ile sketi ya sufu yenye marinda nyuma na mirabamiraba iitwayo tartani. Huambiwa pia kwamba kila ukoo una tartani yake tangu enzi. Wataalamu walipochunguza walikuta habari iliyochanganyika.

Tartani yenyewe ni ya kale. Karibu na mji wa Falkirk kilipatikana kipande cha sufu ya mirabamiraba cha karne ya 3, kikiwa kwenye mdomo wa chungu cha fedha za Kirumi. Kipande kingine kilitolewa katika udongo wa kinamasi huko Glen Affric. Rangi zake zilipopimwa havikuonekana viini vya rangi za viwandani, na vipimo vya umri vikaonyesha kwamba kilifumwa kati ya mwaka 1500 na 1600 hivi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2023.

Lakini kilti fupi ya marinda si ya kale hivyo. Watu wa milimani walikuwa wakivaa shuka kubwa la sufu, wakilikunja na kulifunga kwa mkanda kiunoni, na sehemu iliyobaki wakiitupia begani. Mwaka 1785 ilichapishwa barua iliyodai kwamba aliyelikata shuka hilo na kubakiza sehemu ya chini alikuwa Mwingereza, Thomas Rawlinson, aliyekuwa na tanuru la chuma katika milima ya Uskoti mwanzoni mwa karne ya 18, ili wafanyakazi wake wafanye kazi kwa urahisi. Wapo wanaobisha kuwa mtu mmoja ndiye aliyeanzisha. Hata hivyo hakuna ushahidi kwamba kilti hiyo fupi ni ya kale kama wimbo wa sifa unavyodai.

Kisha yakaja mambo matatu. Kwanza, baada ya uasi wa watu wa milimani, Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1746 ya kuwakataza kuvaa mavazi hayo, na sheria ikadumu hadi 1782. Kilichokatazwa kikapendwa zaidi. Pili, mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alitembelea Edinburgh, na mwandishi Walter Scott akapanga sherehe kubwa ambamo mabwana wa mjini, ambao babu zao waliwadharau watu wa milimani, walivaa tartani kama vazi la taifa zima. Mfalme naye alivaa. Tatu, ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart walitoa mwaka 1842 kitabu cha tartani za koo, wakidai kimetokana na hati ya kale. Hati hiyo ilikuwa ya kughushi. Koo nyingi zilikuwa zimekwisha zipokea tartani hizo, na baadhi bado zinazivaa leo.

Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper aliyaandika haya mwaka 1983 kwa ukali, kana kwamba anawavua Waskoti nguo mbele za watu. Nao hawakuiacha kilti. Mskoti huivaa arusini na mazikoni, wala hamdanganyi mtu akisema "hili ni vazi letu". Angedanganya kama angesema "hili ndilo babu yetu alilovaa miaka elfu iliyopita". Sentensi hizi mbili hazifanani, na ndiyo tofauti tuliyoibeba tuliporudi kwa wazee wetu wa Kitanga.

Mashahidi wa Kitanga

Tulijiwekea utaratibu. Kila tulipoambiwa "zamani tulivaa hivi", tuliuliza: uliona mwenyewe, au uliambiwa, na nani? Kisha tukatafuta shahidi wa pili asiye wa aina ile ile. Tulikuwa na aina nne za mashahidi.

Mashahidi wa kwanza ni watu. Tulimwendea yule bibi wa chini ya mwembe. Mwanzoni hakutaka kusema. "Mnataka kuandika kwamba tulitembea kama wanyama," alituambia. Tulielewa kuwa kwake nguo za zamani zilikuwa habari ya aibu, kwa kuwa tangu utoto wake aliwasikia watu waliosoma wakizicheka. Tulirudi mara tatu, tukamsaidia kupukuchua mahindi, na mara ya tatu akafungua kinywa. Alisema hakuvaa yeye gome la mti, ila mama yake alimsimulia jinsi lilivyotunzwa lisiloane, na jinsi lilivyokuwa na joto usiku kuliko shuka jembamba la dukani. Hapo tulipata neno la kuonewa na neno la kusimuliwa, na tuliyaandika mbalimbali.

Alitufafanulia pia kicheko chake. Katika falme nyingi za eneo la Maziwa Makuu ngozi ya chui ilikuwa alama ya mtawala. Mtu wa kawaida hakuvaa chui. Kwa hiyo vijana wetu, kwa kutafuta vazi la babu zao wakulima, walikuwa wamejivika wote vazi la Mwami, tena la kitambaa cha kiwandani. Ndiyo maana bibi aliuliza kama kijiji kizima kimetawazwa.

Mashahidi wa pili ni vitu. Mzee mmoja, jirani yake, alituonyesha nyundo ya mti iliyochongwa mifereji kichwani. Mlango wa stoo yake ulikuwa ukizuiwa kwa nyundo hiyo usifungwe na upepo. Alisema ni ya babu yake. Nyundo za namna hiyo bado zinatumika Buganda kutengeneza lubugo, na kazi yenyewe inajulikana vizuri kwa sababu haijakoma: fundi hubandua gome la ndani la mti wa jamii ya mkuyu wakati wa mvua, huufunga mti kwa majani ya mgomba ili usife, kisha hulitwanga gome kwa nyundo zenye mifereji ya ukubwa mbalimbali mpaka linapanuka na kulainika kama kitambaa, na kulianika juani hadi liwe la rangi ya udongo mwekundu. Mti uleule huotesha gome jipya na kuvunwa tena. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu wote. Nyundo ya stoo ya Kitanga haithibitishi kila kitu, lakini mifereji ile haikuchongwa kwa ajili ya kuzuia mlango.

Mashahidi wa tatu ni maneno. Katika Kirundi, ndugu wa karibu kabisa wa Kiha, nguo kwa jumla huitwa impuzu. Katika Kinyarwanda neno hilohilo ni jina la nguo ya gome la mti. Gome limeondoka miilini lakini limebaki ulimini. Mrundi anayefua suruali yake ya mtumba huitaja kwa neno ambalo jirani yake bado analitumia kwa nguo ya mti.

Mashahidi wa nne ni maandishi. Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Ujiji Februari 1858 pamoja na Speke. Katika aliyoyaandika kuhusu watu wa huko zimo nguo za ngozi na za magome ya mti, na pia nguo za pamba zilizoletwa na misafara kwa wale walioweza kuzinunua. Tunamsoma Burton kwa tahadhari, kwa kuwa aliwadharau watu aliowaandika. Hata hivyo shahidi mwenye dharau anaweza kueleza sawasawa mtu alikuwa amevaa nini, hasa akikubaliana na nyundo, na neno, na bibi. Mashahidi wanne ambao hawakupatana kabla wakisema jambo moja, tuna haki ya kuliamini: katika nchi hii watu walivaa ngozi na magome ya mti, na tayari mwaka 1858 pamba ilikuwa imefika ziwani.

Njia ya pamba

Pamba hiyo ilitoka mbali. Kuanzia miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, mji wa Marekani, walileta Unguja vitambaa vizito visivyopaushwa, na ndiyo maana hadi leo kitambaa cha namna hiyo kinaitwa merikani. Kitambaa cheusi cha buluu kiliitwa kaniki. Vilipanda bara kwa mabega ya wapagazi, na njiani vilikuwa fedha: vilinunua chakula, vililipa ushuru wa kupita, vilinunua pembe za ndovu. Vilinunua pia watu.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na nguo zikaja kwa wingi zaidi. Wakati wa Waingereza wanaume wengi wa Buha walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge huko Tanga, na aliyerudi salama alirudi na nguo na blanketi. Katika baridi ya asubuhi ya Kitanga, mwanamume aliyejifunga blanketi la manamba alikuwa mtu aliyefanikiwa. Kulitwanga gome siku nzima kukaonekana kazi ya maskini. Biashara, kodi, shule na hata misioni, kila moja kwa namna yake, ziliifanya pamba iwe alama ya mtu mstaarabu. Aibu ya bibi yetu ilianzia hapo.

Kwa hiyo hata lile shuka la pamba la kufunga begani, ambalo baadhi ya wazee walitutajia kuwa "ndilo la jadi hasa", lilifumwa na watu wa mbali. Lakini babu zetu walilifanyia kazi kwa mabega yao. Je, si lao?

Kanga ni ya nani?

Hapo ilitubidi turudi kwa yule mama aliyewekwa pembeni. Alifukuzwa kwa hoja kwamba kanga ni ya pwani. Kwa tarehe, hoja ina ukweli. Kanga ilizaliwa Unguja na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba wanawake walinunua leso za kitambaa zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga sita kuwa nguo moja. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Baadaye zikachapwa kama kanga kamili, yenye pindo, mji na jina, ikiuzwa doti.

Lakini ni nani walioivaa? Unguja ya wakati ule ilijaa wanawake waliofikishwa huko utumwani, waliovaa merikani na kaniki tupu kama alama ya unyonge wao. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 hali ya utumwa ilifutwa kisheria. Wanawake waliokuwa watumwa walivaa kanga za rangi na maua ili waonekane kuwa ni watu huru, wenye jina. Na miongoni mwa waliofikishwa Unguja walikuwamo watu waliotolewa pande hizi za ziwa na ng'ambo yake, wakapitishwa Ujiji kwa minyororo hadi Bagamoyo.

Tafakari hilo, ndugu msomaji. Tunaposema kanga ni ya watu wa pwani, tunasahau pwani iliwapata wapi baadhi ya watu wake. Huenda mabinti wa bara hili ndio walioichagua kanga kuwa vazi la uhuru, nasi tukamwondoa mama yetu katika maandamano ya Bwana kwa sababu ameivaa. Tulipomsimulia habari hii, mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe nilivaa kitu kikubwa." Nasi tulinyamaza.

Amri haitengenezi jadi

Kuna jambo jingine tulilolitambua tulipotafuta mifano. Vazi la watu haliui wala kulizaa kwa amri. Sheria ya 1746 haikuiua tartani. Hapa kwetu, mwaka 1967 na 1968, viongozi waliendesha kampeni ya kuwavua Wamaasai mavazi yao na kuwavalisha suruali, kwa nia ya kuwaendeleza. Leo shuka la Kimaasai linaonekana kuanzia Longido hadi hotelini Dar es Salaam. Nalo pia si la tangu Adamu: Wamaasai walivaa ngozi, wakaja kuvaa pamba waliyoipaka udongo mwekundu, na shuka la mirabamiraba likazoeleka katika karne ya 20. Wapo wanaoliona na kukata shauri kuwa lilitoka Uskoti. Kufanana si ushahidi. Popote nyuzi za rangi mbili zinapofumwa kwa kukatana, miraba hutokea.

Upande wa pili, mwaka 2004 Kenya ilitafuta vazi la taifa kwa shindano na wabunifu. Likapatikana, likazinduliwa kwa sherehe, na watu wakaendelea kuvaa walichokuwa wakivaa. Kanga haikuwa na kamati. Ilikuwa na akina mama.

Hata sakristiani

Pengine msomaji atasema haya ni mambo ya dunia, Kanisa lina mavazi yasiyobadilika. Tufungue basi kabati la sakristia. Alba ni tunica, kanzu ya kawaida ya watu wa dola ya Kirumi. Kasula ilitokana na paenula, joho la kujikinga na mvua na baridi safarini. Mitindo ya mitaani ilipobadilika, altare ilibaki na yale ya zamani, na taratibu yakapata maana mpya: kasula ikawa alama ya upendo unaofunika yote. Joho la msafiri limekuwa vazi takatifu, bila mtu yeyote kuhitaji kudanganya kwamba lilishuka kutoka mbinguni.

Na wamisionari walioleta Injili mkoani kwetu? Wamisionari wa Afrika walianzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers mwaka 1868, na msafara wao wa kwanza ulifika Ujiji Januari 1879. Wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya mavazi yao: gandura nyeupe, burnusi na rozari shingoni. Hayakuwa mavazi ya Kifaransa. Lavigerie aliyachukua kwa watu wa Afrika ya Kaskazini, kwa kuwa alitaka mapadri wake waishi kama watu waliotumwa kwao, katika lugha, chakula na mavazi. Vazi tulilolidhani la Kizungu kabisa lilikuwa la Kiafrika, ila la kaskazini.

Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Liturujia namba 37, unasema Kanisa halitaki kulazimisha mtindo mmoja mgumu pale ambapo imani na manufaa ya jumuiya nzima havihusiki, na namba 128 inawapa mabaraza ya maaskofu mamlaka ya kulinganisha maada na umbo la mavazi matakatifu na mahitaji na desturi za mahali. Utamadunisho una mlango wazi. Lakini kinachoingizwa mlangoni kinapaswa kuwa cha kweli. Madoa ya chui ya kiwandani yanayoitwa "jadi ya Waha" si utamadunisho, ni maigizo.

Tulichomjibu Baba Paroko

Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Sisi tulifikia kuamini kwamba marehemu nao ni jirani zetu. Kusema babu zetu walivaa wasichokivaa ni kuwashuhudia uongo watu wasioweza kujitetea. Kuficha walichokivaa, kwa sababu sisi tunaona aibu, ni uongo uleule umegeuzwa ndani nje.

Kwa lugha ya darasani, kosa letu lilikuwa kuitafuta jadi katika maada peke yake: gome, ngozi au pamba. Aristotle alitufundisha kuuliza pia lengo. Gome lilitwangwa ili mvaaji apate joto na heshima. Mfanyakazi wa manamba alileta blanketi ili mke wake apate joto na heshima. Mama wa maharage alivaa doti yake bora ili aende mbele za Mungu kwa heshima. Maada imebadilika, lengo ni moja, na watu ni walewale.

Basi jibu letu lilikuwa hili: Baba, hapa hakuna vazi moja la jadi. Kuna mavazi yaliyofuatana, na tunaweza kuyaeleza kwa ukweli. Tusimvue mtu heshima kwa jina la babu.

Baba Paroko aliwaita kamati na vijana, tukazungumza. Haikuwa rahisi, kwa kuwa fedha za kitambaa zilikuwa za michango yao. Mwishowe waliafikiana. Kitambaa cha madoa ya chui kilipamba turubai la wageni, na kilipendeza. Siku ya jubilei, kabla ya Misa, katekista alisoma maelezo mafupi ya ukurasa mmoja juu ya mavazi ya watu wa hapa, tangu gome hadi kitenge. Wakati wa matoleo, yule mzee alibeba nyundo ya mti iliyokuwa ikizuia mlango wake, ikiwa imeoshwa na kupakwa mafuta. Mbele yake alitangulia mama wa kanga na ungo wake wa maharage. Bibi wa chini ya mwembe aliletwa akakalishwa benchi la mbele, na nyundo ilipopita aliinyoshea mkono kuigusa.

Kwa wenzetu waseminari na waamini mnaoandaa sherehe kama hizo, tunawaombeni mambo machache. Waendeeni wazee mapema, tena zaidi ya mara moja, na kwa mikono ya kazi. Andikeni nani alisema nini, na kama aliona au aliambiwa. Pigeni picha vyombo vya zamani kabla havijawa kuni. Sikilizeni maneno ya lugha zenu za nyumbani, maana yanakumbuka mambo ambayo sisi tumeyasahau. Na kabla hamjamwambia mtu "hili si letu", ulizeni kwanza ni safari gani iliyolileta vazi hilo mpaka likafika begani kwake.

Mzee bado anayo nyundo yake. Tumesikia kwamba mlango wa stoo sasa unazuiwa kwa jiwe.